Nani ameua giaboksi? Historia ya minivani iliyokwama gia ya pili

Nimekuwa kimya wiki kadhaa, na safari hii siwezi kusingizia kazi wala intaneti. Ni gari.

Nyumbani tuna minivani ya Toyota ya miaka ya 1990. Imebeba watoto kwenda shule, magunia ya mahindi, wageni wa harusi, na siku moja mbuzi wanne ambao harufu yao haijaondoka mpaka leo. Mwezi uliopita taa ya O/D OFF kwenye dashibodi ikaanza kuwaka na kuzima, kuwaka na kuzima, na gari likawa zito kuondoka kama lori la mchanga. Ukikanyaga mafuta injini inaguna, gari linajikokota. Likishafika kama kilomita 60 kwa saa, ghafla linakuwa sawa kabisa. Ukisimama kwenye matuta, shida inaanza upya.

Fundi alilizungusha mtaani mara moja, akarudi akifuta mikono. "Mkubwa, giaboksi imeenda. Tafuta ya ex-Japan." Bei aliyotaja ilikaribia karo ya muhula mzima ya mdogo wangu. Mama akaniangalia bila kusema neno. Nikaomba siku tatu.

Sasa, mimi ni mtu wa programu. Kwetu sisi mtu hatupi seva kwa sababu imekuwa nzito. Kwanza anasoma logi. Swali langu lilikuwa moja tu: je, giaboksi ina logi? Nikaanza kusoma usiku, na kama kawaida yangu nikapotea njia. Nilitafuta Toyota, nikajikuta Marekani, mwaka 1989, ndani ya minivani ya Chrysler. Nitarudi kwa gari letu, lakini lazima tupitie huko kwanza, kwa sababu kosa nililokuwa karibu kulilipia lilifanyika huko kabla, na kwa wingi.

Tuanze nyuma zaidi kidogo. Giaboksi ya otomatiki ya kwanza kuuzwa kwa wingi ni Hydra-Matic ya General Motors, iliyotangazwa mwaka 1939 kwa magari ya Oldsmobile ya mwaka 1940. Nyuma yake alikuwapo mhandisi Earl Thompson, ambaye tayari alikuwa amewapa madereva ule mfumo wa kuingiza gia bila kukwaruza. Vita vya Pili vya Dunia vilipofika, Hydra-Matic ilifungwa hata kwenye vifaru.

Kitu kilichonishangaza ni hiki. Giaboksi hiyo ilikuwa na uwezo wa kuamua, na haikuwa na waya hata mmoja wa kuamulia. Kulikuwa na kifaa kinachozunguka pamoja na shafti ya kutoka. Gari likikimbia zaidi, kifaa hicho kinaruhusu shinikizo kubwa zaidi la oili. Upande wa pili, pedali ya mafuta inasukuma valvu nyingine. Shinikizo hizi mbili zinakutana kwenye kipande cha chuma chenye mifereji mingi kama ramani ya mji wa kale, na zinasukumana. Ya mwendo ikishinda, gia inapanda. Mguu wako ukishinda, gia inabaki au inashuka. Jamani, hiyo ni kompyuta! Ni kompyuta inayohesabu kwa oili badala ya umeme.

Na kompyuta ya namna hiyo haina logi. Ikiharibika, fundi anatumia pua, sikio na kidole. Oili ikinuka kuungua, klachi zimechoka. Vipande vya chuma vikiwa chini ya sampu, fungua yote. Kwa miaka kama 50 mafundi wa dunia nzima walijifunza hivyo: ikigoma, imekufa, ishushe. Yule fundi wangu hakuwa mjinga. Alikuwa na elimu ya mashine ya zama nyingine.

Haya, sasa twende kwa minivani. Mwishoni mwa miaka ya 1970 kampuni ya Chrysler ilikuwa inaelekea kufilisika. Serikali ya Marekani iliidhamini mikopo ya hadi dola bilioni 1.5, kwa sheria iliyotiwa sahihi Januari 1980. Bosi alikuwa Lee Iacocca, aliyekuwa ametimuliwa Ford, na pamoja naye alikuwapo Hal Sperlich, naye pia wa kutoka Ford. Mwishoni mwa 1983, kwa jina la modeli za 1984, wakatoa Dodge Caravan na Plymouth Voyager: gari refu kama kibanda, sakafu iko chini, mlango wa pembeni wa kuteleza, linaingia kwenye gereji ya kawaida. Familia za Marekani zililipenda mara moja, na mwaka huohuo wa 1983 Chrysler ikamaliza kulipa mikopo.

Minivani hizo za kwanza, ukitaka otomatiki, zilikuja na giaboksi ya gia tatu kutoka ukoo wa TorqueFlite, ukoo ulioanza mwaka 1956 na wenye sifa ya ugumu kama jembe. Lakini gia tatu zinakula mafuta barabara kuu, injini inazunguka sana bila sababu. Washindani walikuwa wakienda kwenye gia nne. Chrysler nao wakaamua kuruka, na hawakuruka hatua moja. Waliruka ngazi nzima.

Kwa modeli za mwaka 1989 wakatoa A604, iliyouzwa kwa jina la Ultradrive, kwenye minivani zenye injini ya V6 na kwenye baadhi ya magari yao madogo ya kifahari. Si kwamba wao ndio wa kwanza kuweka umeme kwenye giaboksi. Toyota walikuwa na giaboksi iliyoamuliwa na kompyuta tangu mwanzo wa miaka ya 1980. Tofauti ni kiasi gani cha kazi kompyuta ilipewa. Toyota waliiachia kompyuta kuchagua gia tu, halafu ile mifereji ya zamani ya oili ikaendelea kusimamia jinsi klachi zinavyoshika. Chrysler waliondoa sehemu kubwa ya ile akili ya oili. Waliondoa mikanda ya kushika ngoma, wakaondoa hata zile klachi za upande mmoja zinazosamehe makosa ya muda. Zikabaki seti tano za klachi, solenoidi nne, na kompyuta inayoachia klachi moja huku ikikamata nyingine, kwa vipande vidogo vya sekunde.

Zaidi ya hapo, ilikuwa inajifunza. Klachi zinavyochakaa, nafasi kati ya sahani zake inaongezeka na oili inachukua muda zaidi kuijaza. Kompyuta inapima muda huo na kujirekebisha. Kama wewe ni mtu wa programu utaona uzuri wake. Mimi niliposoma nilisimama kabisa, nikaenda kutengeneza chai.

Kompyuta inajuaje hali ya klachi bila macho? Kwa hesabu ya darasa la nne. Kuna sensa mbili za mwendo, moja inasoma shafti ya kuingia, nyingine shafti ya kutoka. Uwiano wa gia ya kwanza ni 2.84, ya pili 1.57, ya tatu 1.00 na ya nne 0.69. Ukiwa gia ya pili na shafti ya kuingia inazunguka mara 1570 kwa dakika, ya kutoka lazima iwe 1000. Ikiwa ya kuingia inasoma 1900 na ya kutoka bado 1000, kuna mmoja kati ya wawili: ama klachi inateleza, ama sensa inadanganya. Kompyuta haiwezi kujua ni nani. Kwa hiyo inafanya jambo la busara. Inakata umeme wa solenoidi zote.

Na hapa wahandisi walikuwa wamefikiria vizuri. Mifereji ilipangwa hivi kwamba umeme ukikatika, giaboksi inabaki na gia ya pili tu ya kwenda mbele, pamoja na rivasi. Gia ya pili inatosha kuondokea polepole na inatosha kukufikisha nyumbani bila kuunguza klachi. Mimi naiita hali ya kuchechemea. Ukizima gari na kuwasha tena, kompyuta inajaribu upya, na kila kitu kinaweza kuwa sawa mpaka kosa lijirudie.

Sasa jiweke kwenye nafasi ya mzazi wa huko, mwaka 1990, watoto watatu nyuma, barabara kuu. Ghafla gari linatetemeka na kukwama gia ya pili. Hakuna aliyemwambia kwamba hiyo ni kinga. Anampelekea fundi wa mtaani aliyelelewa na giaboksi za oili. Fundi anaona nini? Gari halipandi gia. Imekufa, ishushe. Inafungwa nyingine, na mara nyingi sensa ileile, waya uleule au kompyuta ileile inabaki garini. Baada ya wiki chache, gia ya pili tena.

Nisiwadanganye kwamba lawama zote ni za mafundi. Ultradrive za miaka ya kwanza ziliharibika kwelikweli, klachi ziliungua, na Chrysler waliendelea kubadilisha vipuri na programu kwa miaka mingi. Kwenye kompyuta za mwanzo, kupata toleo jipya la programu kulimaanisha kubadilisha kisanduku chote; za baadaye ziliweza kuandikwa upya. Giaboksi yenyewe baadaye ikaitwa 41TE na kuendelea kutumika hadi miaka ya 2000. Nikiangalia kama mtu wa fani hii, naona bidhaa iliyotoka kabla ya kujaribiwa vya kutosha. Yaani wenye magari ndio walikuwa wajaribuji, na walilipa wenyewe.

Halafu kuna suala la oili, na hili nataka mlisome polepole kwa sababu linatuhusu.

Watu hudhani oili ya giaboksi ni ya kulainisha tu. Hapana. Ndani ya otomatiki oili inabeba nguvu, inapoza, inasukuma valvu, na juu ya yote inaamua klachi zinashikaje: kwa ghafla au kwa ulaini. Uwezo huo wa kushika kwa kiasi ni kemikali inayochanganywa kwa makusudi. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970 huko Marekani, kiungo kimojawapo kilikuwa mafuta ya nyangumi, wale wakubwa wenye kichwa cha mraba! Mwaka 1970 Marekani ikawaorodhesha nyangumi hao kuwa viumbe walio hatarini kutoweka, na watengenezaji wa oili wakalazimika kubuni kitu kingine. Giaboksi za nchi nzima zikabadilishiwa chakula kwa sababu ya sheria ya bahari.

General Motors walikuwa na oili yao, Dexron, tangu 1967. Chrysler walikuwa na ya kwao yenye tabia tofauti ya kushika. Klachi ya ndani ya konveta kwenye Ultradrive ilihitaji ile ya Chrysler, kwa sababu baadaye kompyuta iliifanya iteleze kidogo kwa makusudi ili kupunguza mtikisiko. Lakini vitabu vya mwanzo vya gari viliruhusu Dexron kama mbadala, na Dexron ndiyo iliyokuwa kila kituo cha mafuta. Watu wakajaza. Klachi ikaanza kutetemeka, gari likapiga kama linapita kwenye barabara ya mawe. Kompyuta ikaona hesabu hazilingani, ikakata umeme. Gia ya pili.

Kwa hiyo mstari mmoja mlegevu kwenye kitabu uliweza kuua giaboksi yenye thamani ya maelfu ya dola. Sisi tunaoandika maelekezo ya watumiaji tulie hapo kidogo.

Je, wenye magari wangeweza kujua? Kiasi. Magari ya Chrysler ya wakati huo yalikuwa na mchezo wa ufunguo. Unazungusha swichi: washa, zima, washa, zima, washa, ndani ya sekunde tano, bila kuamsha injini. Taa ya injini inaanza kupiga, na wewe unahesabu. Nne, kimya, tano: ni 45, maana yake kompyuta ya giaboksi ina kosa imeliandika. Mwisho ni 55, yaani nimemaliza. Lakini kosa lenyewe ni lipi? Sensa ya kuingia? Uwiano wa gia ya tatu? Hapo taa inanyamaza. Jibu lilihitaji mashine ya kusomea iliyokuwa kwa wakala wa kampuni. Logi ilikuwapo tangu siku ya kwanza, ila ilikuwa imefungiwa kwa mtu yuleyule anayekuuzia giaboksi mpya. Mnaonaje hapo?

Mambo yalibadilika polepole. Kuanzia modeli za 1996, sheria ya Marekani ililazimisha magari yote madogo yawe na soketi ya aina moja na namba za makosa zinazofanana. Sababu ilikuwa moshi na hewa chafu, wala si huruma kwa mwenye minivani. Hata hivyo watu wakapata mlango. Wakaanza kubadilisha sensa wenyewe kwenye uwanja wa nyumba, maana zimefungwa kwa nje ya giaboksi na spana inazifikia bila kushusha chochote. Wengine waligundua shida yote ilikuwa soketi ya waya iliyoingia maji.

Basi turudi kwetu.

Minivani zetu hapa Kenya nyingi zinatoka Japan zikiwa zimetumika. Toyota nyingi za miaka ya 1990 zenye giaboksi ya kielektroniki nazo zina mchezo wao, na hauhitaji mashine. Kuna kisanduku kidogo cha uchunguzi chini ya boneti, ndani ya kifuniko chake kuna majina ya matundu. Unaunganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya, unahakikisha kitufe cha O/D hakijazimwa, unawasha swichi bila kuamsha injini. Taa ya O/D OFF, ileile iliyokuwa inakuudhi, inaanza kusema. Angalia majina mara mbili kabla ya kuunganisha, kwa sababu ukikosea tundu unaweza kuunguza kompyuta.

Nilitumia klipu ya karatasi. Mdogo wangu akashika daftari. Taa ikapiga sita, ikapumzika, ikapiga mbili. Tukarudia mara tatu, 62 kila mara. Kwenye Toyota 42 na 61 ni sensa za mwendo, 62 ni solenoidi namba moja, 63 ni namba mbili, na 64 ni ile ya kufunga konveta.

Solenoidi namba moja. Hapo nikacheka peke yangu, kwa sababu Toyota huchagua gia nne kwa solenoidi mbili, yaani biti mbili! Gia ya kwanza: moja imewaka, mbili imezima. Ya pili: zote zimewaka. Ya tatu: moja imezima, mbili imewaka. Ya nne: zote zimezima. Sasa biti ya kwanza ikikwama kwenye sifuri, gia ya kwanza na ya pili haziwezekani tena. Kompyuta inatumia ya tatu badala yake, na ya nne inabaki kama kawaida. Gari linaondoka na gia ya tatu! Ndiyo maana lilikuwa zito kama lori la mchanga, na ndiyo maana likifika 60 linapona. Dalili zote zilikuwa zimeandikwa kwenye jedwali la mistari minne.

Tukapandisha gari, likakaa juu ya stendi na mawe nyuma ya matairi (tafadhali msilale chini ya jeki peke yake, nimeshazika jirani). Mita ikasoma karibu omu 13 kutoka kwenye soketi ya giaboksi kwenda kwenye solenoidi; inayotakiwa ni kati ya 11 na 15. Solenoidi nzima. Upande wa pili, kutoka soketi kwenda kwenye kompyuta, hakuna kitu. Waya umekatika. Tuliufuata kwa tochi mpaka pale unapopita karibu na bomba la moshi, ambapo kishikio kilikuwa kimevunjika miaka mingapi iliyopita sijui, waya ukaegemea chuma cha moto ukaiva.

Sentimita 15 za waya, risasi kidogo ya kuchomelea, tepu, kishikio kipya. Tukachomoa fyuzi kufuta kumbukumbu. Na hilo fundi wengi hulifanya mwanzoni, wanachomoa betri kabla hata hawajasoma namba, halafu wanasema kompyuta haina kosa. Umefuta logi mwenyewe, bwana!

Mama aliliendesha hadi sokoni na kurudi. Aliporudi hakusema chochote kuhusu gia, alisema tu redio imepoteza stesheni zake.

Fundi nilimpelekea habari. Aliomba nimwonyeshe matundu yale mawili, akayapiga picha, akaniuliza kama Nissan nazo zina kitu kama hicho. Nilimwambia kila kampuni ina lugha yake. Akanikumbusha jambo moja ambalo sikuwa nimelifanya, na ana haki: oili. Nimeipima injini ikiwa inaunguruma na moto, lever ikiwa P, kiwango kiko sawa, lakini rangi yake ni kahawia, si nyekundu. Shida ni kwamba maandishi kwenye kijiti yamefutika, na kitabu cha gari ni cha Kijapani mwanzo hadi mwisho. Nimepiga picha ukurasa nilioudhania ndio wa oili na kumtumia rafiki anayesoma lugha hiyo. Hadi ajibu, chupa ya ATF niliyouziwa kwa maneno ya "hii inaingia gari zote" iko kwenye rafu ya stoo, bado na kizibo chake.